Taa za Matumbawe: Si Mradi Iwake

Leo tujifunze jambo linalounganisha Bayolojia na Fizikia: kuchagua taa za LED za kumulikia matumbawe yanayofugwa nyumbani, katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Huenda ukasema, "Taa ni taa, mradi iwake." La hasha! Kwa samaki taa ni ya kutuwezesha kuwaona, lakini kwa matumbawe taa ni chakula.

Kwa nini chakula? Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Kumbe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja, na hilo jiwe ni nyumba waliyojijengea kwa chokaa. Ndani ya miili yao wamepangisha mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la mhindi, kisha humpa mwenye nyumba sehemu kubwa. Hiyo ndiyo kodi. Mwanga ukikosekana mpangaji halipi, na mwenye nyumba hukonda hadi akafa.

Basi ukienda dukani chunguza mambo manne.

1. Rangi. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza. Wa buluu ndio hufika chini zaidi. Mwani wa matumbawe umezoea huo wa buluu, hasa wa nanomita 420 hadi 470 hivi. Balbu ya manjano ya sebuleni haifai. LED zenyewe ziliingoja buluu kwa miaka mingi, mpaka Shuji Nakamura, mzaliwa wa Japani, alipotangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka wa 1993. Mwaka wa 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

2. Nguvu. Usihadaiwe na wati wala lumeni. Wati ni stima inayoliwa. Lumeni hufuata jicho la binadamu, ambalo halioni buluu vizuri. Uliza PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mimea na mwani huweza kuutumia, kikipimwa ndani ya maji pale tumbawe litakapokaa. Wafugaji wengi huyapa matumbawe laini PAR ya 50 hadi 150, na yale magumu yenye matawi 200 hadi 350. Muuzaji akisifu tu bila kukuonyesha vipimo, kumbuka kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

3. Kuenea. Taa moja katikati ya tangi refu huacha pembe gizani. Heri mbili ndogo zilizoachana kuliko moja kali.

4. Gharama. LED ya wati 100 ikiwaka saa 10 kwa siku hula yuniti 1, yaani yuniti 30 kwa siku 30. Taa ya zamani ya metali halaidi ya wati 250 itakula yuniti 75, tena hupasha maji joto.

Ukishanunua, usiiwashe kwa nguvu zote siku ya kwanza. Mwenda pole hajikwai. Anza na theluthi moja, kisha ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Saa 8 hadi 10 kwa siku zatosha, na usiku uwe usiku. Waya nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone ya chumvi yaanguke sakafuni yasiingie kwenye stima.

Mwanga ukizidi, hasa ukiandamana na joto, mpangaji hufukuzwa na tumbawe hupauka likawa jeupe. Pwani yetu yajua hayo: mwaka wa 1998 Bahari Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Hata mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, hazikuepuka. Kwa hivyo mtu asiende kuvunja tumbawe baharini alitie tangini. Anunue kipande kilichokuzwa tangini. Na asiyeweza kulipia mwanga huo kila mwezi, afuge samaki wa maji matamu. Mnyama asife njaa akiwa pambo la sebule.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini lumeni hazitoshi kuchagulia taa ya matumbawe?
(b) LED ya wati 60 ikiwaka saa 9 kila siku, italaje yuniti ngapi kwa siku 30?
(c) Eleza "kodi" ambayo mwani humlipa tumbawe.