Ngiri ya Kiwambo: Maumivu ya Kifua Yasiyotoka Moyoni

Maumivu ya kifua huleta hofu ya moyo, na maumivu ya chembe cha moyo huitwa na wengi vidonda vya tumbo hata kabla ya kupimwa. Ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ngiri ya kiwambo. Ngiri ya kinena inafahamika kwa uvimbe wake unaoonekana. Hii ya kiwambo imejificha ndani, haionekani wala haishikiki kwa mkono.

Hutokeaje?

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo, unaosaidia kupumua. Msuli huo una tundu linalopitisha umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni. Tundu hilo likilegea na kupanuka, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupanda na kuingia kifuani. Hapo kizuizi cha asili kinachoibakiza asidi tumboni hudhoofika, nayo asidi hupanda na kuunguza umio.

Hali hii huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 50, wenye unene uliozidi na wajawazito. Kikohozi cha muda mrefu, kujikamua kwa sababu ya choo kigumu na kunyanyua mizigo mizito pia huongeza shinikizo la tumbo.

Dalili zake

Wengi hawana dalili yoyote. Wenye dalili hupata kiungulia, maji machungu kupanda kooni, kucheua mara kwa mara, maumivu ya chembe cha moyo au nyuma ya mfupa wa kifua, na wakati mwingine sauti kukwaruza au kikohozi cha usiku. Maumivu huzidi baada ya kushiba, wakati wa kuinama au mgonjwa anapolala chali.

Hata hivyo, dalili hizo hazitoshi kumwondolea mtu shaka ya moyo. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa hadi mkononi au tayani, au yanayoambatana na jasho jingi na kukosa pumzi, ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Asingoje kuona kama kiungulia kitapoa.

Dalili nyingine zisizopaswa kusubiri ni kutapika damu, choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, kupungua uzito bila sababu na chakula kukwama wakati wa kumeza. Kukwama huko kunaweza kuwa dalili ya saratani ya umio, ugonjwa unaowapata watu wengi Afrika Mashariki. Anayetuliza dalili hizo kwa dawa za dukani miezi na miezi hupoteza muda ambao ungemwokoa.

Vipimo na matibabu

Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako huhojiwa na kuchunguzwa. Ikibidi hupewa rufaa. Ngiri huthibitishwa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, au kwa picha ya eksirei inayopigwa baada ya kunywa dawa ya bariamu.

Wengi hupata nafuu bila upasuaji. Daktari huweza kutoa dawa za kupunguza asidi, kama vile omeprazoli. Upasuaji hufanywa pale dawa zinaposhindwa, au ngiri inapokuwa kubwa na kuhatarisha kunyongwa kwa tumbo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe bila ushauri, kwa kuwa huweza kudhuru tumbo zaidi.

Nyumbani, mgonjwa ashike mambo haya:

1. Ale kidogo kidogo, na chakula cha usiku kiliwe saa 3 kabla ya kulala.
2. Ainue kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali au mbao imara. Kurundika mito hakufai, kwani hukunja tumbo.
3. Apunguze uzito uliozidi, aache sigara, apunguze pombe na vyakula vyenye mafuta mengi.
4. Asikaze mkanda au kanga tumboni, wala asifanye kazi ya kuinama mara baada ya kula.

Kiungulia cha siku moja baada ya karamu si ugonjwa. Kinachojirudia kila wiki kinastahili kupimwa, ili mgonjwa atibiwe kinachomuumiza, si kile anachokidhania.