Nchi ya kubuni isiyoaminika

Swali: Ninaandika riwaya ya nchi ya kubuni yenye uchawi. Wanaoisoma wanasema hawaiamini. Nifanyeje?

Jibu: Isome tena Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Nchi ya kitabu hicho iko angani, nasi tunaikubali, kwa kuwa ina baraza, ina waziri Majivuno anayeshtaki na Karama anayejitetea mbele ya mfalme. Tunawajua watu hao! Msomaji huvumilia ajabu kubwa akiona wakazi wa nchi ya kubuni wanabanwa na sheria. Basi uchawi wako uwe na gharama: nani anaruhusiwa kuutumia, unamdhuru vipi, ukishindwa nani analipa? Kanuni hiyo usiivunje hata shujaa akielemewa. Ramani ya nchi yako itasubiri. Andika kwanza sura ya sokoni: nani anauza, kwa fedha gani, na anamwogopa nani.