Dondoo muhimu: Pesa ya nyumbani Kolwezi

Pesa ya mgodi haina ratiba. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha hata kuuza kobalti nje. Siku nzuri ikija:

• Nunua kwanza mfuko wa unga wa bukari, ulipe na kodi. Bia itasubiri.
• Kagua kila noti ya dola mbele ya anayekupa, hasa pembeni: ikichanika kidogo tu, dukani wanaikataa.
• Akiba iwe dola. Badili faranga za wiki tu.
• Likelemba, yaani kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, ni ya watu mnaojuana. Zamu ziandikwe daftarini, na omba zamu ya Agosti, kabla ya shule kufunguliwa Septemba.
• Namba ya siri ya M-Pesa usimtajie hata wakala mpole.
• Deni la dukani liandike nawe.