Somo la Leopards ya 1974

Wandugu wanafunzi, ekipe yetu imepigwa mara tatu mwisho huu wa msimu, na kila mtu anatafuta wa kulaumu. Tuangalie kwanza habari hii.

Machi 1974, Leopards ya Zaïre ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9. Juni, kule Ujerumani ya Magharibi, walipigwa na Skotlandi 2–0, Yugoslavia 9–0, Brazili 3–0. Wenyewe hawakufunga hata moja.

Juu ya nini? Miguu ilikuwa ile ile. Ugomvi wa feza ambazo wachezaji hawakulipwa ulivunja roho zao.

Sisi vilevile: tangu tugombanie viatu vipya, hatupeane mupira.

Ulizo: nani ataanza kupatana na mwenzake mbele ya mechi ya mwisho?