SOMO LA MWEZI: UPEPO UKILALA, TAA ITAWAKA NAMNA GANI?



Tujifunze juu ya Denmark, inchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini. Kilima chake kirefu hakifiki metre 200, na mito yake haina maporomoko ya kuzungusha mashini. Lakini upepo wa bahari uko mwingi.

1. Mwalimu na wanafunzi wake

Mwaka 1891 mwalimu Poul la Cour alisimamisha kinu cha upepo kwenye shule ya Askov. Sisi wote tunajua dinamo ya kinga: gurudumu likizunguka, taa inawaka. Kinu kile ni vilevile: upepo unazungusha mabawa, mabawa yanazungusha dinamo. Shida ni moja: upepo ukilala, giza. Basi la Cour alitumia umeme kwa kugawanya maji, akapata gazi ya idrojeni. Gazi hiyo aliiweka akiba, na ikawasha taa za shule.

Tangu 1904 alifundisha vijana wa vijiji kazi ya umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, alisimamisha kinu cha mabawa matatu kule Gedser, mwaka 1957. Vinu vingi vya leo vinafuata mfano ule.

2. Mwaka wa shida

Hata hivi petroli ilishinda, sababu bei yake ilikuwa chini. Kufika 1973, karibu sehemu 9 juu ya 10 za nguvu za Denmark zilitoka kwa petroli ya inje. Kukatokea vita Mashariki ya Kati. Inchi za Waarabu zikapunguza kuuza, bei ikapanda sana. Serikali ya Denmark ikakataza motokari kutembea siku ya Mungu.

Kwanza walirudia makaa ya mawe. Nguvu za nuklea watu wengi walizikataa, na mwaka 1985 bunge likaziondoa katika mipango. Mwaka 1991, kule Vindeby, vinu 11 vikasimama ndani ya bahari: shamba la kwanza la namna hiyo ulimwenguni.

3. Siku hizi

Mwaka 2023 upepo ulitoa zaidi ya nusu ya umeme wao. Na ukilala? Nyaya zinapita chini ya bahari, zinaleta umeme wa maji toka Norwe na Swedi. Upepo ukizidi, Denmark njo inauza. La Cour aliweka akiba ndani ya tangi. Wajukuu wake wanaiweka kwa jirani.

Lakini kazi haijaisha. Moto mwingi wa kupasha nyumba unatoka kwa kuni na majani makavu, na kuni zingine zinanunuliwa inje. Mti unakatwa siku moja, unakomaa miaka mingi. Tusisifu bila kupima.

Maulizo
1. Kwa nini kinu peke yake hakitoshi?
2. Jirani akikosa mvua, Denmark ifanye nini?
3. Kuni ni nguvu isiyokwisha? Eleza.