Kondoo Waliobaki

Somo: 1 Samweli 15:1-23. Soma pia Hesabu 5:5-8 na Luka 19:1-10.

Jumapili iliyopita, tulipoimba wimbo wa kujitoa mwisho wa ibada, karibu kanisa zima liliinua mikono. Mimi pia niliinua. Tangu niokoke sijawahi kuona mtu akikataa kuimba wimbo wa aina ile. Ni rahisi kumwambia Mungu "vyote", kwa sababu "vyote" haina jina. Mtu akiambiwa ataje kimoja tu kwa jina lake, hapo ndipo sauti hushuka.

Mfalme Sauli alitumwa kupigana na Waamaleki, na agizo lilikuwa asibakishe kitu. (Kuna wanaouliza kwa nini Mungu aliagiza vita ya namna ile. Ni swali zuri, lakini si la leo.) Sauli alikwenda, akapigana, akashinda. Vile vilivyokuwa hafifu akaviangamiza. Kondoo na ng'ombe walionona akawabakisha, pamoja na Agagi, mfalme wao. Halafu angalia mstari wa 13: Samweli alipofika, Sauli ndiye aliyetangulia kusalimu na kutoa ushuhuda kwamba ametimiza neno la Bwana. Ushuhuda mzuri kabisa! Shida ni kwamba kondoo walikuwa wanalia nyuma yake, na Samweli akauliza ni mlio gani huo anaousikia.

Sidhani Sauli alikuwa anajua kwamba anadanganya. Nafikiri alikuwa amepiga hesabu yake, akaona kwamba sehemu kubwa ni sawa na yote. Na alikuwa na maelezo ya kiroho: wale wanyama waliachwa ili watolewe dhabihu kwa Bwana. Yaani alimnyima Mungu utii, kisha akapanga kumletea Mungu sadaka kutoka kwa kile alichomnyima. Jibu la Samweli liko mstari wa 22. Lisome mara mbili.

Sisi wa huku kwenye chai tunaelewa jambo hili kuliko watu wengine. Mchai ukiachwa huwa mti kabisa, kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu au minne tunaupogoa, tunaukata hadi karibu na magoti. Baada ya hapo, kwa muda wa miezi kama mitatu, hakuna majani ya kupeleka kwenye mizani. Ndiyo maana mkulima mwenye akili hapogoi shamba lote kwa mara moja. Anapogoa kipande hiki mwaka huu, kingine mwaka ujao, ili nyumba isikose pesa ya unga. Kwa chai, huo ni usimamizi mzuri. Lakini wengi wetu tumempa Mungu shamba kwa mtindo huo huo. Tunamwambia, Bwana, kata hapa, lakini kile kipande cha kule chini kinachonilisha usikiguse kwanza.

Sasa niseme yangu, maana sitaki kuandika kama mtu aliyesimama kando.

Baba alipofariki alituachia chai, ekari moja na kitu, upande wa Bomet. Mimi ndiye niliyesoma, nina digrii ya biashara, kwa hivyo mama na ndugu zangu wakasema namba ya chai iandikwe jina langu. Pesa ya kila mwezi nilimtumia mama yote. Bonasi ya Oktoba tuligawana: mama, ndugu zangu wawili na mimi. Lakini miaka minne mfululizo, kabla ya kugawa, nilikuwa natoa Sh. 15,000 na kuweka kando. Kwenye daftari langu niliziita "gharama za usimamizi". Nani aliidhinisha? Mimi. Nani alijua? Mimi. Na mwaka mmoja pesa hiyo niliileta hapa hapa kanisani, tukanunua mabati, nanyi mkanipigia makofi.

Nilikuwa naandaa fundisho juu ya Sauli, nikafika mstari wa 15, nikafunga Biblia. Nilikwenda kutengeneza chai, nikairudia kazi, nikafika mstari ule ule. Usiku huo nilianza kupatana na Mungu. Nikamwambia nitatoa sadaka maalum. Nitafunga siku tatu. Baadaye ndipo nilipoona kwamba ninajaribu kumlipa Mungu deni ambalo ninadaiwa na mama yangu.

Hesabu 5:7 haina mafumbo. Aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kitu kizima, na aongeze sehemu ya tano. Nikafungua daftari: 15,000 mara nne ni 60,000. Sehemu ya tano ni 12,000. Jumla Sh. 72,000, na sikuwa nazo. Niliuza mtamba wangu, na kilichobaki nililipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Zakayo alirudisha mara nne, kwa hiyo sijisifu.

Kulipa halikuwa jambo gumu zaidi. Jambo gumu lilikuwa Jumamosi ile, kuketi kwa mama na kusema. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimekula. Mdogo wangu alicheka, akasema tuyaache. Kaka yangu aliniangalia, akasema, "Pasta, na miaka hiyo yote ulikuwa unatuhubiria?" Akainuka akaenda kukama. Pesa yake alipokea, lakini hajakanyaga kanisani kwetu tangu siku hiyo. Sina ushuhuda wa kuweka hapo, ndugu zangu. Mchungaji wetu kiongozi anajua yote haya, na ndiye aliyesema niandike.

Tusidhani haya ni mageni katika nchi zetu. Mnamo Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, watu wawili walikutana: Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akitumika Gahini, Ruanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali katika mambo ya afya. Wote walikuwa waamini tayari. Hata hivyo, kila mmoja aliona kuna kitu kimepungua, wakachunguza Maandiko na kuomba pamoja, wakitafuta kujazwa Roho. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mkutano ule unahesabiwa kati ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Ruanda na Uganda, ukafika Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Mnajua walitambulikaje? Waliungama, na walirudisha. Mtu alipeleka kitu alichoiba kwa mwajiri wake au kwa jirani. Mume alimwambia mke ukweli. Hawakuwa Wapentekoste, wengi wao walikuwa Waanglikana, lakini sisi tunaonena kwa lugha tunaweza kujifunza kwao kunena kwa Kiswahili cha kawaida: nilikuibia, nisamehe, hii hapa.

Kondoo wako huenda si pesa. Kuna karani anayejua alichofanya kwenye mizani. Kuna aliyesogeza mpaka usiku, na jiwe liko pale mpaka leo. Lakini pia kuna dada aliyemwachia Mungu kila kitu isipokuwa hasira juu ya mama mkwe, na kijana anayeomba mapenzi ya Mungu kuhusu ndoa huku ameshaamua. Kuna mzazi aliyempa Bwana watoto wote ila yule aliyefaulu. Huyo mpango wake umeshapangwa hadi chuo kikuu.

Mambo mawili tu kabla hujafanya haraka. Kwanza, siandiki ili mlete pesa kanisani. Kama unadaiwa na ndugu yako, anzia kwake, ndivyo Bwana alivyofundisha katika Mathayo 5:23-24. Sadaka itangoja madhabahuni. Pili, ungama kwa hekima. Ungama dhambi yako, usiungame ya mwenzako mbele za watu. Na kama jambo linagusa kazi yako au sheria, njoo tuzungumze na tuombe kwanza, tutakusindikiza.

Jumatano kwenye vikundi vya nyumbani tusome Hesabu 5:5-8 polepole. Viongozi, msimlazimishe mtu kusema. Kila mmoja aje na karatasi na kalamu, aandike kitu kimoja kwa jina lake, si "vyote", aikunje, arudi nayo nyumbani. Alhamisi kuanzia saa nane mchana mimi na mke wangu tutakuwa ofisini kwa yeyote anayetaka kuja nayo.

Na mnapoomba, mkumbukeni kaka yangu. Jumamosi tunapogoa chai ya mama, kile kipande cha chini. Nimempigia simu. Amesema ataona.