Rangi za Maneno katika Programu za BASIC

Lugha ya BASIC ilibuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Programu zake za mwanzo hazikuwa na rangi. Siku hizi mwanafunzi huandikia katika kihariri ambacho hupaka maneno ya amri rangi moja, maandishi yaliyo ndani ya alama za mtajo rangi nyingine, na maelezo yanayorukwa na kompyuta, aghalabu, kijani. Ifahamike, hata hivyo, kwamba kihariri hakitekelezi amri. Hulinganisha herufi na kanuni chache kilizowekewa. Kifasiri cha BASIC, ambacho ndicho kitekelezaji, kina kanuni zake, na viwili hivyo huweza kuhitilafiana.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Mwanza anayeandika kilo za samaki waliopimwa katika soko la Kirumba Mwaloni, na mahali wanakopelekwa:

10 DATA Nyang'hwale, 40
20 READ M$, K
30 PRINT M$, K

Katika aina nyingi za BASIC ritifaa huanzisha maelezo. Kihariri kisicho makini kikiiona katika jina Nyang'hwale hupaka kijani kila kinachofuata, hata ile 40. Mwanafunzi hudhani kilo zake zimepotea, akaharibu tahajia ya jina la wilaya ili rangi irudi. Kumbe GW-BASIC huhesabu ritifaa iliyo katika mstari wa DATA kuwa sehemu ya data. Programu ingechapa jina na kilo bila kasoro. (Waliotunga kanuni hiyo ya rangi, bila shaka, hawakuwa na ng'ombe wala Nyang'hwale akilini.)

Kosa la namna hiyo angalau huonekana. Baya zaidi ni lile ambalo rangi hailisemi. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, na ambayo programu zake bado huendeshwa kwa kuigizwa katika mashine mpya, hutafuta maneno ya amri hata katikati ya majina. Mstari

10 SATO = 250

husomwa SA TO = 250, kwa kuwa TO ni neno la amri, na kompyuta hukataa. Kihariri kilichotengenezwa kwa BASIC ya baadaye hupaka SATO rangi ya jina la kawaida. Tena, Commodore hutambua herufi mbili za kwanza tu za jina:

10 SANGARA = 400
20 SALIO = 90
30 PRINT SANGARA

Hapa hakuna ujumbe wa kosa, wala rangi iliyogeuka. Jibu ni 90, na kilo 310 za sangara zimetoweka katika hesabu.

Zoezi: Mwanafunzi aeleze kwa nini jina MTO litakataliwa na Commodore 64 lakini ZIWA litakubaliwa. Kisha atafute majina mawili ya samaki wa ziwa hilo ambayo kompyuta hiyo haitayachanganya.